Kivuli Kinachorudi: Kupatwa kwa Jua Kutoka Tanganyika, Turkana Hadi Makka

 

Kila mwaka ikifika jioni ya tarehe 29 Shaaban, Waislamu wa Baba Dogo hufanya kama wenzao wa Korogocho, Kariobangi, Lucky Summer na Mathare North: shingo juu, macho magharibi. Wengine wanapanda juu ya paa za ploti za ghorofa, wengine wanakaa na redio wasikie Kadhi Mkuu atatangaza nini. Jioni hiyo mtaa mzima unakumbuka kwamba juu yetu kuna mbingu. Siku zingine tunatazama chini: mitaro, matope, biashara. Na hata ukiamua kutazama juu, kuna moshi wa viwanda, kuna moshi wa dampo la Dandora, na kuna zile taa ndefu za mulika mwizi ambazo zimetuletea usalama lakini zimetufichia nyota.

Anayeandika hapa si mtaalamu wa falaki. Ni mpenzi tu wa kutazama juu, mtu wa kukusanya picha za nyota na habari za jua lilivyopatwa zamani. Nimeombwa niandike historia kidogo kwa vijana wetu katika mwezi huu mtukufu, na nimeona niandike juu ya kivuli. Ndiyo, kivuli. Kuna kivuli kimoja ambacho kimepita Afrika yetu mara mbili katika miaka mia moja na kitu iliyopita, na Mwenyezi Mungu akijaalia kitapita tena hivi karibuni, safari hii juu ya Makka. Lakini tuanze karibu na nyumbani.

Ijumaa ya tarehe 15 Januari 2010

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, mwisho wa mwezi wa Muharram 1431. Asubuhi, watoto wakiwa shule na matatu zikigombania abiria Outering Road, jua la Nairobi lilianza kuliwa pembeni. Ilipopita saa mbili asubuhi mwezi ulikuwa umeingia katikati kabisa ya jua, lakini haukulifunika lote. Kulibaki pete ya mwanga pande zote. Watu wa falaki huita hali hii kupatwa kwa jua kipete. Kivuli kilianzia Afrika ya Kati, kikapita Kongo, Uganda, Kenya na Somalia, kikavuka Bahari ya Hindi hadi Maldives, India na Uchina. Hapa Nairobi pete ilidumu kama dakika sita, saba. Kule baharini ilifika dakika 11 na sekunde 8, na kwa hesabu za wataalamu hakutakuwa na kipete kirefu kushinda hicho mpaka mwaka wa 3043.

Sasa ngoja. Siku hiyo hiyo, baada ya swala ya Ijumaa, katikati ya jiji karibu na Msikiti wa Jamia kulikuwa na maandamano ya kupinga kuzuiliwa kwa mhubiri mmoja kutoka Jamaica. Yakageuka vurugu, na kuna watu waliopoteza maisha. Tena siku tatu tu kabla, tarehe 12 Januari, tetemeko lilikuwa limeiangusha Haiti. Wewe fikiria maneno ya mtaani. Jua limepatwa asubuhi, mchana watu wanakufa, na juzi tu ardhi imetikisika. Ni rahisi sana kusema: si mliona? Jua lilikuwa linatuambia.

Swali hili si geni. Liliulizwa miaka karibu 1,400 iliyopita, tena mbele ya mtu ambaye alikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Madina, mwaka wa 10 Hijria

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alijaaliwa mtoto wa kiume uzeeni, Ibrahim, kwa Bi Maria al-Qibtiyya. Mtoto huyo alifariki akiwa bado mchanga, na Mtume alilia. Siku ile ile jua likapatwa. Watu wa Madina wakaanza kusemezana kwamba jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume.

Hebu jiweke pale. Kiongozi mwingine yeyote angefurahia maneno kama hayo. Wafalme wengi wa zamani walitaka raia waamini kwamba mbingu inawahudumia wao. Mtume alifanya kinyume. Aliwaongoza watu katika swala ndefu, kisha akasimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, na kwamba havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Wakiona jambo hilo, basi wasali na waombe mpaka liishe. Msiba ulikuwa wake mwenyewe, na bado hakuruhusu ukweli upindwe kwa ajili ya msiba huo.

Wataalamu wa siku hizi wamerudisha hesabu nyuma na kupata kwamba jua lilipatwa na kuonekana Madina tarehe 27 Januari 632. Hesabu ya mbingu na mapokezi ya masahaba yanaelekea mahali pamoja.

Kutokana na tukio hilo tuna swala ya kupatwa kwa jua, swalatul kusuf, rakaa mbili ambazo kila moja ina rukuu mbili kwa mapokezi yanayojulikana zaidi. Na tuna somo la pili ambalo mara nyingi tunalisahau: ishara ni ya kumkumbuka Mola, si ya kutabiria siasa za Nairobi. Waliokufa Ijumaa ile ya 2010 walikufa kwa mambo ya hapa chini, yaliyofanywa na watu wa hapa chini. Jua halihusiki. Tukilisingizia jua, tunawasahau wanaohusika.

Vile inavyofanyika

Lugha yetu imesema vizuri: jua hupatwa. Limekamatwa na kitu. Kitu chenyewe ni mwezi, unaopita kati yetu na jua na kutuangushia kivuli chake.

Upana wa jua ni kama mara 400 ya upana wa mwezi. Lakini jua pia liko mbali na sisi kama mara 400 kushinda mwezi. Kwa hivyo ukitazama kutoka duniani vyote viwili vinaonekana karibu ukubwa mmoja. Mwezi ukiwa karibu kidogo, hulifunika jua lote na mchana hugeuka kama magharibi. Hapo jua limepatwa kikamilifu. Mwezi ukiwa mbali kidogo, huonekana mdogo na kubakisha pete, kama ilivyokuwa 2010. Na kwa nini haifanyiki kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama digrii tano, kwa hivyo mara nyingi kivuli chake kinapita juu au chini ya dunia.

Msomaji wa Ramadhan ana faida hapa, kwa sababu kalenda yake tayari inamfundisha. Jua haliwezi kupatwa isipokuwa mwisho wa mwezi wa Kiislamu, pale mwezi wa zamani unapoisha na mpya kuzaliwa. Na mwezi wenyewe haupatwi isipokuwa ukiwa mpevu, tarehe 14 au 15 hivi. Akija mtu akwambie jua lilipatwa tarehe 10 Rajab, mwambie arudi akaangalie kalenda yake.

Mfano mzuri ni tarehe 3 Oktoba 2005. Jua lilipatwa kipete kutoka Hispania, likapita Algeria, Tunisia, Libya, Chad, Sudan na Ethiopia, likafika kaskazini mwa Kenya na Somalia mchana. Ilikuwa mwisho wa Shaaban 1426, tuko mlangoni mwa Ramadhan. Sasa hesabu mwenyewe. Mwezi ulizaliwa kama saa saba na nusu mchana kwa saa za Kenya. Magharibi ya Nairobi iliingia baada ya saa kumi na mbili jioni. Mwezi huo ulikuwa na umri wa saa tano tu hivi. Macho matupu kwa kawaida huanza kuuona ukikaribia saa 15 hadi 20 au zaidi. Kwa maana hiyo jioni ile hapa kwetu hakuna jicho lingeweza kuuona. Mambo ya hukumu, kama ni kuona kwa hapa au kuona kwa dunia, nawaachia masheikh. Lakini kujua jioni gani mwezi hauonekani kabisa ni elimu, na vijana wakiwa nayo, ugomvi mwingi wa kila mwaka ungepungua.

Waliopima kabla yetu

Waislamu wa zamani hawakuridhika na kushangaa tu. Walipima. Al-Battani, aliyefariki 929, aliona kwamba ukubwa wa jua unaoonekana hubadilika kidogo katika mwaka, na kwa hivyo kipete kinawezekana. Ibn Yunus wa Misri, aliyefariki 1009, aliandika orodha ya jua na mwezi vilivyopatwa, na saa zake. Orodha hiyo ilikaa karne nyingi, hadi karne ya 19 mwanafalaki wa Marekani Simon Newcomb akaitumia kuchunguza mwendo wa mwezi. Hebu ona: mtu anaandika saa kwa uangalifu Kairo, na karibu miaka 900 baadaye karatasi yake inamsaidia mtu wa bara ambalo yeye hakujua kama lipo.

Al-Biruni aliliona jua limepatwa wakati wa kuchomoza, Aprili 1019, huko Afghanistan ya leo. Naye ametuachia onyo: aliandika kwamba kulitazama jua ujanani kulidhoofisha macho yake.

Halafu yuko Ibn al-Haytham, aliyefariki karibu 1040. Yeye aliandika kitabu kizima juu ya umbo la jua lililopatwa. Aliona kwamba mwanga ukipita kwenye tundu dogo na kuangukia ukutani, hauchori umbo la tundu, unachora umbo la jua. Jua likipatwa, ukutani kunaonekana hilali. Ndugu zangu, sisi tunaoishi kwenye nyumba za mabati tuna chombo hiki bila kukinunua. Kila tundu la msumari kwenye bati ni kamera ya Ibn al-Haytham. Jua likipatwa, zile duara ndogo za mwanga sakafuni hugeuka kuwa hilali nyingi, moja kwa kila tundu. Mwanga unaopenya majani ya mwembe hufanya vivyo hivyo. Kamera ya simu yako ina ukoo na tundu hilo.

Ukoo wa kivuli kimoja

Sasa tufike kwenye kile kivuli nilichokitaja.

Tangu Babeli ya kale watu walijua kwamba kupatwa kwa jua kunarudi kwa mzunguko: miaka 18, siku kama 11 na saa 8. Baada ya muda huo jua, mwezi na dunia vinakaa tena karibu vilevile. Tatizo ni zile saa 8. Dunia inakuwa imezunguka theluthi moja zaidi, kwa hivyo kivuli kinaangukia upande mwingine wa dunia. Inabidi usubiri mizunguko mitatu, miaka 54 na mwezi mmoja na siku kidogo, ndipo kivuli kirudi upande wako.

Ukoo mmoja wa namna hiyo umetugusa sana.

Tarehe 29 Mei 1919, mwisho wa Shaaban 1337, siku moja mbili kabla ya Ramadhan, kivuli kilivuka Atlantiki kutoka Brazil, kikapita kisiwa cha Principe, Kongo, Ziwa Tanganyika na kusini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, hadi Msumbiji. Watu wa huko ndio kwanza walikuwa wanatoka kwenye vita. Jeshi la Wajerumani lilisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Novemba 1918. Maelfu na maelfu ya wapagazi wetu walikuwa wamekufa, na homa ya mwaka huo ikamalizia wengine. Katikati ya hali hiyo mchana ukawa giza. Mtu angewalaumu vipi kama waliogopa?

Lakini kisiwani Principe, Mwingereza Arthur Eddington alikuwa na kamera anapiga picha za nyota zilizo karibu na jua, na wenzake walikuwa Sobral, Brazil, wanafanya vivyo hivyo. Nyota zenyewe ni za kundi lililo jirani na Kilimia, kile Kilimia ambacho wakulima wa Pwani walikitazama kujua majira ya kulima. Albert Einstein alikuwa amesema kwamba uzito wa jua unapinda mwanga, kwa hivyo nyota hizo zingeonekana zimesogea kidogo sana, kama sehemu moja ya elfu mbili ya digrii moja. Huwezi kulipima hilo mchana wa kawaida, jua linakuzuia kuona nyota. Unahitaji mwezi ulifunike. Picha zikapimwa, na tarehe 6 Novemba 1919 ikatangazwa London: nyota zimesogea. Elimu ya fizikia ikabadilika kwa ajili ya giza la dakika chache, giza lile lile lililopita Tanganyika.

Miaka 54 na mwezi mmoja ikapita. Tarehe 30 Juni 1973 kivuli kikarudi, safari hii kaskazini zaidi. Kilipita Mauritania, Mali, Niger, Chad na Sudan, na huko jangwani giza likadumu zaidi ya dakika saba. Ndege ya Concorde ilikimbia pamoja na kivuli hicho kwa dakika 74, wataalamu wakiwa ndani wanapima. Alasiri kikafika kwetu, kaskazini mwa Kenya, kwenye ziwa lililokuwa bado linaitwa Rudolf. Jina la Turkana lilikuja 1975. Wataalamu kutoka Marekani walikuwa wamepiga kambi Loiyangalani, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, na kamera maalumu ya kupiga picha ya taji la jua, ule mwanga mweupe unaolizunguka ambao huonekana tu likifunikwa lote. Picha za Loiyangalani zimeingia katika elimu ya jua ya dunia nzima. Wangapi kati yetu tulifundishwa hivyo shuleni?

Na sehemu hizo za Turkana zilijua mbingu kabla ya kamera. Karibu na Kalokol kuna nguzo za mawe zinazoitwa Namoratunga. Mwaka 1978 watafiti wawili waliandika kwamba zimepangwa kufuata nyota za kalenda ya Waborana. Wengine walipinga vipimo vyao, na mjadala haujaisha. Mawe yapo, yamesimama.

Sasa piga hesabu: 30 Juni 1973, ongeza miaka 54 na mwezi mmoja na siku kidogo. Unapata tarehe 2 Agosti 2027, mwisho wa Safar 1449. Siku hiyo ukoo ule ule wa kivuli utaingia kutoka Atlantiki, upite Morocco, Algeria, Tunisia, Libya na Misri, ambako Luxor itakaa gizani kwa zaidi ya dakika sita. Kisha utavuka Bahari ya Shamu. Jeddah imo njiani. Makka imo njiani. Mchana baada ya Adhuhuri, jua litafunikwa lote juu ya Al-Kaaba kwa dakika kama tano. Baadaye kivuli kitapita Yemen na kaskazini mwa Somalia na kupotelea baharini. Nairobi tutaona jua limeumwa kipande tu.

Kivuli kilichowatisha watu wa Tanganyika 1919, kikawapa picha wataalamu wa Turkana 1973, ndicho kitakachowasimamisha mahujaji wa umra katika swalatul kusuf mbele ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Ukijua ukoo wake hupungukiwi na mshangao, kinyume chake unaongezeka.

Si huo tu uliopita kwetu. Februari 16, 1980 jua lilipatwa kikamilifu Tanzania na kusini mwa Kenya, upande wa Tsavo na Pwani. Novemba 3, 2013 kivuli chembamba kilipita kaskazini mwa Uganda, ambako watu wengi walikusanyika Pakwach, kikaja Turkana kwa sekunde chache tu. Septemba 1, 2016 maelfu walifurika Rujewa, mkoa wa Mbeya, Tanzania, kuona kipete. Afrika Mashariki haina uhaba wa mambo haya. Uhaba wetu ni wa kuyaandika.

Kutoka Malindi hadi picha ya shimo jeusi

Wengi tumeziona kwenye simu zile picha za rangi za mbinguni. Mtu anauliza: hizi ni za kweli ama ni za kutengeneza na kompyuta? Jibu ni kwamba ni za kweli, lakini jicho lako halingeziona hivyo. Darubini ya Hubble, iliyopelekwa angani 1990, na ya James Webb, ambayo picha zake za kwanza zilitolewa Julai 2022, siku chache baada ya Idd-ul-Adh'ha, hukusanya mwanga kidogo kidogo kwa saa nyingi. Webb inakusanya mwanga ambao macho yetu hayana uwezo wa kuupokea, kisha wataalamu wanautia rangi ili tuuelewe. Ni kama kuandika sauti kwa herufi.

Na Kenya ina sehemu yake katika hadithi hiyo. Kaskazini mwa Malindi, katika ghuba ya Ungwana, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco baharini kwa ajili ya kurusha roketi, kwa sababu tuko karibu na ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, Wamarekani na Waitaliano walirusha kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa maalumu kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Waliipa jina la Uhuru, kwa heshima ya miaka saba ya uhuru wetu. Kiswahili kikapanda juu. Uhuru ilifanya kazi hadi 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Kimoja, Cygnus X-1, kikawa cha kwanza kuwashawishi wataalamu kwamba mashimo meusi yapo kweli, vile vitu vizito mno hata mwanga hauwezi kutoka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel 2002.

Halafu tarehe 10 Aprili 2019 dunia ikaonyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, liko umbali wa miaka ya mwanga kama milioni 55. Ukiitazama utaona pete ya mwanga, na katikati kivuli. Pete imekaa hivyo kwa sababu uzito unapinda mwanga, jambo lile lile lililopimwa kwenye giza la Mei 1919. Miaka mia moja, kasoro wiki saba. Kivuli cha mwezi kilithibitisha hesabu, na hesabu ikatupeleka kwenye kivuli kingine.

Darubini zilizopiga picha hiyo zilikuwa Marekani, Chile, Mexico, Hispania na hata barafuni kusini mwa dunia. Afrika haikuwa na hata moja. Hapo ndipo pananiuma. Jina la Kiswahili lilitangulia angani 1970, jukwaa lilikuwa kwenye maji yetu, lakini wenye vipimo na wenye kuandika walikuwa wengine. Mambo yameanza kubadilika: Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata setilaiti yake ndogo 2018, Taifa-1 ya Kenya ilirushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023, ndani ya mwezi wa Ramadhan, na Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope wamezunguka mashuleni na darubini. Lakini bado ni kidogo. Mtoto wa Baba Dogo anayejua majina ya wachezaji wote wa Uingereza hajui kwamba Aldebaran, Rigel, Vega na Altair ni majina ya Kiarabu, yaliyoandikwa na watu waliosali kama yeye.

La kufanya

Kwanza, macho. Jua lililopatwa nusu bado ni jua. Usilitazame kwa miwani ya kawaida, wala filamu ya eksirei ya hospitali, wala CD, wala ndani ya beseni la maji. Madhara yake hayana uchungu wakati yanatokea, unagundua kesho yake. Tumia miwani maalumu ya kutazamia jua, au kioo cha kuchomelea vyuma cha namba 14, si kile cheusi chochote cha jua kali. Na kama huna, toboa karatasi ngumu kwa sindano, lipe jua mgongo, utazame mwanga unaoangukia chini. Au funga dirisha la nyumba ya mabati, utazame sakafu.

Pili, watoto wasifungiwe ndani kwa hofu. Watolewe nje, wafundishwe njia salama, kisha wapelekwe kusali. Sunna ina swala, haina kujificha.

Tatu, kila msikiti uwe na vijana wawili, watatu wanaojua kalenda ya mwezi kwa hesabu, wanaoandika kila mwezi: tarehe gani tulitazama, hilali ilionekana ama haikuonekana, mawingu yalikuwaje. Daftari moja la shilingi chache linatosha kuanza. Ibn Yunus alianza na kuandika saa.

Mwenyezi Mungu ameapa kwa jua na kwa mwezi katika Kitabu chake, na akatuambia vyote viwili vinakwenda kwa hesabu. Hesabu hiyo iko wazi kwa yeyote mwenye subira ya kuifuata, awe Kairo, Loiyangalani au Baba Dogo. Kivuli kinarudi kwa wakati wake. Tumuombe Mola kikirudi kitukute tumejiandaa, macho salama, saa na daftari mkononi, na paji la uso likijua pa kusujudu.

Wabillahi tawfiq. Saumu njema.